Mnyonge mnyongeni: kwa nini George Headley hatoki katika kikosi changu

Kuna mchezo ambao wapenzi wa kriketi huucheza bila gongo, bila mpira na bila kiwanja. Unahitaji karatasi, kalamu na watu wawili watatu wa kubishana nao. Unachagua wachezaji 11 bora tangu kriketi ianze, wa nchi yoyote na wa zama zozote, kisha unalitetea chaguo lako mpaka kahawa ipoe. Mimi ni mgonjwa wa mchezo huo. Sharti langu ni moja tu: nachagua wale waliokwisha kutangulia mbele ya haki. Walio hai bado wana midomo yao, wajitetee wenyewe.

Kikosi changu hubadilika. Leo namweka huyu, kesho namtoa, inategemea nani amenishinda kwa hoja. Lakini kuna jina moja sijawahi kulifuta, na ndilo linaloniletea ugomvi kuliko yote. Ni George Headley wa Jamaica. Kila nikilitaja naulizwa swali lile lile: utamwekaje mtu aliyecheza mechi 22 tu, ukawaacha waliocheza mia na zaidi?

Swali ni la haki, nami leo nimeamua kulijibu kwa urefu. Sitajibu kwa kumpigia debe, nitamsimulia maisha yake. Ukimaliza kusoma, msomaji wangu, amua mwenyewe.

Kwanza niwasaidie wale ambao kriketi wanaiona kwa mbali tu wakipita karibu na uwanja wa Mombasa Sports Club. Mpigaji hukusanya mikimbio mpaka atolewe. Akifikisha mikimbio 100 katika zamu moja, hiyo ni senchuri, na ni sherehe. Wastani wake hupatikana kwa kuchukua mikimbio yote aliyowahi kupata na kuigawa kwa idadi ya mara alizotolewa. Mechi za Testi ni zile ndefu baina ya mataifa, kila timu ikipiga zamu mbili. Mpigaji mwenye wastani wa 40 katika Testi ni mzuri. Mwenye 50 ni mkubwa. Mwenye 60 na zaidi, hao unawahesabu kwa vidole.

Headley ana wastani wa 60.83.

Sisi Wakenya West Indies tunaikumbuka kwa siku moja, tarehe 29 Februari 1996, pale Pune nchini India. Timu yetu ilipata mikimbio 166 tu, kisha ikawatoa West Indies wote kwa 93. Rajab Ali alimtoa Brian Lara, Maurice Odumbe akaangusha wiketi tatu, na dunia nzima ikashangaa. Ilishangaa kwa sababu West Indies ilikuwa jina la kutisha. Lakini jina hilo halikuanza likiwa linatisha. Kuna wakati timu hiyo ilikuwa ndiyo ya kuonewa, na mtu aliyeibeba wakati huo ndiye huyu ninayemsimulia.

Alizaliwa tarehe 30 Mei 1909 mjini Colón, nchini Panama. Baba yake alitoka Barbados, mama yake Jamaica. Watu wengi wa visiwa vile walikuwa wamekwenda Panama kutafuta riziki katika kazi za kuchimba mfereji mkubwa unaounganisha bahari mbili, na baba yake alikuwa mmoja wao. Baadaye familia ikahamia Cuba. Mtoto akakulia katika lugha ya Kihispania. Alipofika umri wa miaka 10, mwaka 1919, mama yake akaona mwanawe atapotea asipojua Kiingereza, akamchukua na kumpeleka Jamaica akasome. Akaachwa Kingston kwa jamaa. Huko, katika shule ya msingi ya Calabar na vichochoro vya mtaa wa Rae Town, ndipo alipokutana na kriketi.

Wazazi walikuwa na mpango wao. Walitaka mtoto aende Marekani akasomee udaktari wa meno. Hakuna ubaya katika mpango huo. Mzazi gani wa Pwani hapa hangefurahi? Mwaka 1928 kijana alikuwa na miaka 18, akifanya kazi ndogo ya ukarani, akisubiri karatasi zake za safari. Karatasi zikachelewa. Wakati anasubiri, timu ya Kiingereza ya Lord Tennyson ikatua Jamaica kucheza na timu ya kisiwa, na kijana huyo akaitwa. Katika mechi ya pili akapiga mikimbio 211. Karatasi zilipofika hakuna aliyezitaka tena. Meno ya Wamarekani yakabaki na madaktari wengine.

Mwaka huo huo wa 1928 West Indies ilikubaliwa kwa mara ya kwanza kucheza Testi. Ilisafiri mpaka Uingereza, ikacheza mechi tatu na kupoteza zote kwa kipigo cha aibu. Headley hakuchaguliwa kwenda.

Zamu yake ikaja Januari 1930, Uingereza ilipotembelea visiwa vile. Testi yake ya kwanza ilichezwa Bridgetown, Barbados. Zamu ya kwanza alipata 21, ya pili 176. Alikuwa na miaka 20. Walipofika Georgetown akapiga 114 na 112, senchuri katika zamu zote mbili, jambo ambalo hakuna mtu wa West Indies aliyewahi kulifanya. Mechi hiyo ndiyo Testi ya kwanza West Indies kushinda. Kisha Kingston, mbele ya watu wake, akapiga 223. Mechi hiyo ya Kingston ilikuwa haina kikomo cha siku. Andy Sandham wa Uingereza alipata 325, mtu wa kwanza kuvuka 300 katika Testi, na Wilfred Rhodes alicheza akiwa na umri wa miaka 52. Baada ya siku tisa Waingereza wakaomba waondoke, meli yao ilikuwa inang'oa nanga. Mechi ikahesabiwa sare.

Katika mechi nne Headley alikusanya mikimbio 703, kwa wastani wa 87.87.

Hapa mbishani wangu hudakia. Husema Uingereza ya 1930 haikuwa Uingereza kamili, kwani majira hayo hayo ilikuwa na timu nyingine New Zealand. Ni kweli, sikatai. Waliigawa nguvu yao mara mbili, na hilo peke yake linakuonyesha walivyowachukulia watu wa visiwani. Basi tuwaache Waingereza hao, tumfuate Headley Australia.

Alikwenda huko mwishoni mwa 1930, na mambo yakamwendea kombo. Kule alikuwepo Clarrie Grimmett, mrushaji wa mipira ya kuzunguka, mmoja wa mafundi wakubwa kabisa wa kazi hiyo. Waaustralia waligundua kuwa kijana huyu ana nguvu zaidi upande mmoja wa kiwanja, wakaanza kumrushia upande wa pili. Katika zamu zake nne za kwanza alipata 0, 11, 14 na 2. Hapo ndipo wengi huzama. Yeye aliketi, akabadilisha namna anavyosimama, akajifunza upya upande aliokuwa dhaifu, na yote hayo ziarani, mechi zikiendelea. Katika Testi ya tatu, Brisbane, West Indies wote kwa pamoja walipata 193 katika zamu ya kwanza. Headley alikuwa na 102 kati ya hizo na hakutolewa. Testi ya mwisho, Sydney, akapiga 105, na West Indies wakaishinda Australia kwa mara ya kwanza. Grimmett mwenyewe baadaye alimweka juu ya wapigaji wote aliowaona kwa upande ule ule uliokuwa udhaifu wake.

Mimi hiyo ziara ya Australia huithamini kuliko zile 703. Wastani wake huko ulikuwa 37.33 tu, wa chini kuliko ziara zake nyingine zote za miaka hiyo. Lakini ukiangalia nambari peke yake utadhani alishindwa, kumbe ndiko alikokomaa.

Baada ya hapo mambo yakawa moto juu ya moto. Mwaka 1932 Tennyson alirudi Jamaica na timu nyingine. Headley akapiga 344 bila kutolewa, akiwa na mwenzake Clarence Passailaigue. Wawili hao wakaongeza mikimbio 487 bila kutenganishwa. Mwaka 1933 alikwenda Uingereza na kupiga 169 bila kutolewa kule Manchester, na mwaka uliofuata kitabu cha Wisden kikamtaja miongoni mwa wachezaji watano bora wa mwaka. Mwaka 1935 Waingereza walipokuja tena visiwani, safari hii na watu wa nguvu kama Walter Hammond, Headley alipiga 270 bila kutolewa pale Kingston. West Indies wakashinda mfululizo mzima kwa mara ya kwanza katika historia yao.

Watu walimpa jina la Atlas, yule wa hadithi za kale za Wagiriki aliyebeba mbingu mabegani. Halikuwa jina la utani tupu. Katika miaka ile ya 1930 hadi 1939 alipata karibu robo ya mikimbio yote ya timu yake. Alipiga senchuri 10, na wenzake wote ukiwajumlisha hawakuikaribia idadi hiyo. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na kweli mara nyingi West Indies walifungwa hata akicheza vizuri. Lakini hebu fikiria hali ya mpigaji anayeingia kiwanjani akijua kuwa akitolewa yeye, timu imekwisha. Inasimuliwa kwamba usiku wa kuamkia mechi alikuwa halali. Hukesha akimpitia kichwani kila mrushaji wa kesho. Mpigaji wa Australia au Uingereza akitolewa mapema alikwenda kuketi akajua nyuma yake wapo wengine watano wa uhakika. Nambari ya wastani haina safu ya kuandikia mzigo huo.

Sasa tuje kwa Don Bradman, maana huwezi kuzungumza nambari za kriketi bila yeye. Mwaustralia huyu alicheza Testi 52, akapata mikimbio 6,996, senchuri 29, wastani 99.94. Hakuna aliyemkaribia mpaka leo. Magazeti yalimwita Headley Bradman mweusi. Watu wa Jamaica nao wakageuza maneno, wakamwita Bradman Headley mweupe. Nasema wazi, sidai kwamba Headley alimshinda. Namba tatu katika kikosi changu ni ya Bradman, na hilo halina mjadala.

Lakini kuna hesabu moja iliyowekwa na C.L.R. James, mwandishi wa Trinidad, katika kitabu chake Beyond a Boundary cha mwaka 1963. Zamani kiwanja hakikufunikwa mvua inyeshapo. Jua likitoka baada ya mvua, mpira ulikuwa unaruka kama kichaa, na wapigaji wakubwa waligeuka watoto. James alizichukua zamu walizopiga Bradman na Headley katika viwanja vya namna hiyo. Bradman alikuwa na zamu 15, wastani wake 16.66, na mara moja tu alivuka 50. Headley alikuwa na zamu 13, wastani 39.85, na mara saba alivuka 50. Zamu ni chache, sawa. Ila hesabu hiyo inatufunza kwamba wastani mmoja mkubwa unaficha ndani yake siku nyepesi na siku nzito, na kwamba katika siku nzito huyu wa Kingston alisimama.

Turudi kwenye lile swali la mechi 22. Kwa nini ni chache? Je, alikuwa mgonjwa? Aliachwa nje kwa kushuka kiwango? Hapana. Kati ya 1930 na 1939 West Indies ilicheza Testi 19, na Headley alicheza zote 19, hakukosa hata moja. Wakubwa wa kriketi hawakuwapangia nyingine. Baada ya ule ushindi wa Machi 1935 walikaa miaka minne bila Testi hata moja. Headley aliukata wakati huo akicheza kwa mshahara katika ligi ya Lancashire, kwenye klabu ya Haslingden, wikendi kwa wikendi. Alikuwa na miaka 25 wakati ukame huo ulipoanza. Ulipokwisha alikuwa na miaka 30.

Mwaka 1939 walipewa Testi tatu Uingereza. Ile ya Lord's, uwanja mkuu wa kriketi duniani, alipiga 106 na 107. Hakuna mtu wa taifa lolote aliyekuwa amepata senchuri mbili katika Testi moja pale Lord's kabla yake. West Indies walifungwa hata hivyo. Ziara hiyo haikumalizika. Vita vya dunia vilikuwa mlangoni, mechi za mwisho zikafutwa na timu ikakimbilia meli. Testi iliyofuata ya West Indies ilichezwa Januari 1948. Alikuwa na miaka 38.

Piga hesabu nami. Kuanzia Machi 1935 hadi Januari 1948, takriban miaka 13, mtu huyu alipewa Testi tatu. Miaka hiyo ndiyo mpigaji huwa na nguvu na akili kwa pamoja. Vita viliwakata wote, hata Bradman. Lakini ile miaka minne ya kabla ya vita haikuwa ya vita. Wakati ambapo Australia na Uingereza walikuwa wakialikana na kulipizana visasi, West Indies walikaa wakisubiri kuitwa.

Kuna jambo la pili, nalo halimo katika jedwali lolote. Ni unahodha.

Mwaka 1930, katika zile mechi nne za nyumbani, West Indies ilikuwa na manahodha wanne, kila mechi na wake. Wote walikuwa watu wa tabaka la juu, si watu weusi. Kule Australia nahodha alikuwa Jackie Grant, kijana wa miaka 23 aliyetoka kusoma Cambridge. Mwaka 1939, Headley akiwa na karibu miaka kumi ya kuibeba timu mgongoni, unahodha alipewa Rolph Grant, mdogo wake Jackie, ambaye maishani mwake alicheza Testi saba tu. Siwasemi vibaya ndugu hao wawili. Nasema hakuna sheria iliyoandikwa kuwa mtu mweusi asiwe nahodha, lakini kila mtu aliijua. Mweusi alitakiwa apige, arushe, akimbie. Kuamuru ilikuwa kazi ya mwingine. Mpwani aliyesimuliwa na babu yake habari za enzi za ukoloni hana haja ya kufafanuliwa hapo.

Mwaka 1948 vuguvugu la mabadiliko lilikuwa limeshika visiwa, na Headley akateuliwa kuongoza pale Bridgetown. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuteuliwa nahodha wa West Indies katika Testi. Hakupewa mfululizo wote, uongozi uligawanywa. Na katika mechi hiyo mgongo ukamuumiza, zamu zake zikaishia 29 na 7 bila kutolewa, akakosa mechi zilizobaki. Huo ndio unahodha wake wote, mechi moja. Mwishoni mwa mwaka alikwenda India, akacheza Testi moja ya Delhi chini ya nahodha John Goddard, akapata 2.

Ingekuwa hadithi ya kutunga, ingeishia hapo. Lakini mwaka 1954 Waingereza walipokuja Jamaica, wananchi walichangishana zaidi ya pauni 1,000 ili kumrudisha Headley kutoka Uingereza, alikokuwa akicheza ligi. Mcheza kwao hutunzwa. Kwa kipato cha watu wa kawaida wa Kingston wa wakati huo, hizo si pesa ndogo. Alicheza Testi ile akiwa na miaka 44. Alipata 16 na 1, mara zote mbili akitolewa na Tony Lock. Wapo wanaosema heri asingerudi, maana aliharibu wastani wake. Ni kweli ulishuka. Kabla ya vita wastani wake ulikuwa 66.71, zamu tano za baada ya vita ziliongeza mikimbio 55 tu na kuushusha mpaka 60.83. Mimi nawajibu hivi: wale waliotoa senti zao hawakuwa wakinunua wastani. Walitaka kumwona kwa macho yao mara moja tena, na kuwaonyesha watoto wao.

Baada ya hapo aliajiriwa kuwafundisha vijana wa Jamaica, na alifundisha hata Nigeria. Mwaka 1960 Frank Worrell wa Barbados akawa mtu mweusi wa kwanza kukabidhiwa West Indies kwa mfululizo mzima, baada ya kampeni kali iliyoongozwa na yule yule C.L.R. James gazetini kule Trinidad. Worrell aliipeleka timu Australia na kucheza mfululizo ambao hata leo unasimuliwa, ukianza na mechi ya Brisbane iliyoishia kwa timu mbili kulingana mikimbio. Mlango alioufungua Worrell ndio waliopitia wote waliofuata.

Headley alifariki Kingston tarehe 30 Novemba 1983. Mwanawe Ron aliichezea West Indies Testi mbili mwaka 1973, na mjukuu wake Dean akaichezea Uingereza miaka ya tisini. Baba, mwana na mjukuu, wote wachezaji wa Testi. Pale Sabina Park kuna jukwaa lenye jina lake.

Basi sasa natoa kikosi changu, nisije nikaambiwa nimezunguka. Wanaofungua ni Jack Hobbs na Herbert Sutcliffe. Namba tatu Don Bradman. Namba nne George Headley. Wanafuata Frank Worrell, Keith Miller, na Les Ames akilinda wiketi. Warushaji ni Malcolm Marshall, Shane Warne, Fred Trueman na Sydney Barnes, yule aliyeangusha wiketi 49 katika mechi nne kule Afrika Kusini mwaka 1913 na 1914.

Mtaona nimemweka Sutcliffe na Headley pamoja. Sutcliffe ana wastani wa 60.73 katika Testi 54, Headley 60.83 katika 22. Vitabuni hao ni pacha. Ukitengeneza orodha ukaweka sharti kwamba mtu awe amepiga zamu 50, Sutcliffe anabaki na Headley mwenye zamu 40 anafutika, kama kwamba hakuzaliwa. Aliyeweka sharti hilo hakuwa na nia mbaya, alitaka kuwaondoa wale waliobahatisha. Lakini sharti hilo hilo linamwadhibu Headley kwa kosa la waliokataa kumpangia mechi.

Sikumweka kwa huruma, naomba hilo lieleweke. Timu si sadaka. Nimemweka kwa sababu alipiga senchuri moja katika kila zamu nne, akiwa peke yake, katika viwanja vya kila aina. Na ili muone kuwa simpendelei, unahodha sijampa yeye. Nimempa Worrell, kwa kuwa Worrell aliongoza na tukamwona. Headley hatukumwona, mechi moja haitoshi kumpima mtu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko lile la mechi 22. Mikimbio ambayo hakupewa nafasi ya kuipata, angalau naweza kuikisia kwa kutazama ile aliyoipata. Uongozi wake siwezi hata kuukisia.

Kwa hiyo mkija na vikosi vyenu, njooni na nambari, mimi nambari nazipenda. Ila kabla ya kuniambia fulani alicheza mechi chache, niambieni kwanza alipangiwa ngapi. Swali hilo linafaa hata kwa vijana wetu wa hapa Pwani, wanaoambiwa kila uteuzi ukifika kwamba hawana rekodi, na walioketi kuchagua ndio hao hao waliowanyima mechi za kuitengeneza. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Hobbs mnaweza kunitoa. Kwa Ames pia tutaongea. Namba nne muiache ilivyo.